Watoto Arobaini na Mmoja

Brashi alikuwa juu ya ngazi, anamalizia mguu wa herufi R kwenye ukuta wa duka la dawa, binti yake alipofika chini yake saa nne asubuhi akiwa na sare za shule na uso usio wa shule.

Mwandika mabango hapendi kuitwa katikati ya herufi. Alimaliza mguu kwanza, akaupinda kidogo kwenye kisigino, ndipo akatazama chini.

"Mama," alisema, maana binti huyu alibeba jina la mama yake mzazi na tangu azaliwe hakuwahi kumwita vingine. "Leo kengele imeamka mapema?"

"Nimetolewa, baba."

"Umetolewa darasani?"

"Shuleni."

Brashi alishuka vidato viwili. "Kakutoa nani? Nitajie jina tu, nikamsalimie."

Binti akamnyooshea karatasi. "Wewe."

Sahihi ilikuwa yake. Hilo halikuwa na ubishi. Ilianza na tumbo la kushiba, ikanyooka, ikaishia na mkia uliopita chini ya jina zima kama mjusi anayekimbilia ufa. Hakuna mtu mwingine mtaani mwenye sahihi ya namna hiyo, na mwenyewe alikuwa akijisifia jambo hilo kila alipopata wa kumsikiliza.

Akakumbuka. Jumapili iliyopita, mkutano wa wazazi, foleni mbele ya meza, na mwalimu wa zamu akisema kama mkata tiketi, "Utaratibu wa mtihani, mzazi, saini hapa, songa." Wengine walisaini kwa kuwa foleni ilikuwa ikisukuma. Brashi alisaini kwa ujinga wake wa kisomi. Aliiona ile karatasi, akaona kichwa chake, jina la shule, herufi zimebanana kushoto na kuachana kulia kama meno ya mtoto. Akamweleza mwalimu, watu wakiguna nyuma yake, kwamba nafasi kati ya herufi na herufi hupimwa kwa jicho, si kwa rula. Kisha akainama akatia sahihi taratibu, makusudi, wajue mstari uliosimama unafananaje. Maneno yenyewe hakuyasoma.

Ndivyo kazi ilivyomfanya. Miaka ishirini na mbili ya rangi, na sasa aliona herufi, haoni neno. Aliwahi kuandika TUMEHAMA kwenye mlango wa kinyozi wake, akarudi baada ya wiki kunyolewa, akagonga mpaka mikono ikamuuma.

"Imeandikwaje?" aliuliza.

"Umeisaini, baba."

"Nimekuuliza imeandikwaje."

Binti alishika mguu wa ngazi, kama alivyozoea, ili baba asianguke.

*

Mkewe alikuwa mpiga pasi kwa dobi, na mtu anayeshinda akinyoosha nguo za wengine hurudi nyumbani hana hamu ya makunyanzi. Aliisoma barua ile akiwa amesimama, kwa sauti, neno kwa neno.

"'Mimi, mzazi wa mwanafunzi aliyetajwa hapo juu, kwa hiari yangu, bila kushawishiwa wala kulazimishwa, naomba kwa heshima mwanangu aondolewe katika orodha ya watahiniwa wa shule, na aandikishwe kama mtahiniwa wa kujitegemea.'" Akaishusha. "Umeomba kwa heshima."

"Sikuomba."

"Hapa umeomba. Mimi tangu unioe hujaniomba kitu kwa heshima, hata chumvi. Mkuu wa shule ndiye kaipata."

"Walisema ni utaratibu."

"Unajua mtahiniwa wa kujitegemea ni nini? Ni mtu aliyeachwa ajitegemee. Hana alama za darasani, hachaguliwi chuo chochote. Anapewa cheti chake akifungie vitumbua."

Binti alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kukunja, magoti pamoja. Alikuwa na hamu moja tu, chuo cha wauguzi, na chuo cha wauguzi kilichukua waliochaguliwa kutoka orodha za shule. Hakuwa na mlango mwingine wa kupitia.

"Kwani una ngapi kwenye mtihani ule wa majaribio?" mama aliuliza.

"Ishirini na tisa."

"Ishirini na tisa ya somo gani?"

"Ndiyo wastani. Hesabu nina tisa."

Mama alivuta stuli akakaa.

"Shule ya msingi ulimaliza na themanini na moja," alisema polepole, kama mtu anayetaja jina la marehemu. "Nilipigia pasi shati lako siku ile ya zawadi. Themanini na moja."

"Ilikuwa kabla ya korona."

"Korona ilikula hesabu?"

"Walipofunga shule tulikuwa ukurasa wa thelathini na mbili," binti alisema. "Walipofungua, mwalimu akasema fungueni wa mia na kumi. Kama vile zile za katikati zilijisoma zenyewe kabatini. Nikanyoosha mkono. Akasema, 'Hayo yalitumwa kwenye simu.' Kila nikiuliza, yalitumwa kwenye simu. Mpaka nikaacha kuuliza."

Mama akamgeukia mumewe, na Brashi akajifanya anakwangua rangi kwenye ukucha. Maana simu ilikuwa ya nani, na ilikuwa wapi? Ilikuwa mfukoni mwake, inalia. Mwaka ule dunia iliomba mabango kuliko miaka yote. NAWA MIKONO. KAA MITA MOJA. BILA BARAKOA HAKUNA HUDUMA. Watu walizikwa na Brashi alinunua ngazi mpya. Kazi ilipomzidi alimchukua binti, akampa brashi ndogo, yeye akichora mipaka na binti akijaza ndani, ukuta baada ya ukuta, miezi tisa. Masomo yaliingia kwenye simu ileile iliyoingiza wateja, akayafuta ili wateja wapate nafasi.

"Si alikuwa anajifunza kazi," alisema.

"Hakuna aliyekuuliza," mkewe alimjibu. Kisha kwa binti: "Na Pacha? Yeye kapata ngapi?"

Pacha alikuwa mwenzake wa dawati tangu darasa la kwanza. Hawakuwa na undugu wowote ila kuonekana pamoja kila mahali, na jina likamganda mmoja wao.

"Thelathini na sita. Kwao hakukuwa na simu kabisa, mama. Alikuwa anazunguka kwenye nyumba zenye simu, anakaa mlangoni kwa mbali, ananakili kwa mkono. Mstari umepita thelathini na tano. Yeye kabaki."

"Kesho tunakwenda," mama alisema, akaikunja barua kwa mikunjo mitatu sawasawa, kama suruali.

*

Waliwekwa kwenye benchi saa mbili na robo. Saa nne kasoro walikuwa bado hapo. Karani wa mkuu aliwapita mara sita, na kila mara alitazama viatu vya Brashi vyenye matone ya rangi, kisha akatazama sakafu, kama mtu anayehesabu hasara. Mara ya saba alileta gazeti la zamani, akalitandika chini ya miguu yake bila kusema neno. Brashi aliinua miguu ili alitandike vizuri. Mkewe alimtazama akiiinua, na Brashi akatamani kuishusha tena, lakini gazeti lilishatandikwa.

Mkuu wa shule alikuwa mtu mwenye sauti laini na mikono ya kufutwafutwa. Mezani palikuwa na chupa ya maji, bilauri moja, na sahani ya njugu. Alikula njugu muda wote wa mazungumzo, moja moja, akimenya ganda lake jembamba na kulipuliza upande wao.

"Sijamfukuza mtu," alisema. "Neno hilo silipendi. Nimewapumzisha."

"Wangapi?" mama aliuliza.

"Arobaini na mmoja. Kati ya mia na kumi na wanane." Akapuliza ganda. "Shemeji, nielewe. Kabla ya korona wastani wa shule hii ulikuwa sitini na nne. Uko pale getini, mumeo mwenyewe aliuandika, kwa rangi ya bluu. Wa majaribio mwaka huu umekuja thelathini na nane. Nani atamleta mtoto kwenye thelathini na nane? Nikiwapumzisha hawa walioko chini, napata hamsini na kitu. Shule inapumua."

"Na wao wanapumulia wapi?"

"Watoto hawa wamerudi vichwa vitupu. Si kosa la mwalimu."

"Ada ya mwaka ule mlichukua."

"Tulituma masomo kwenye simu."

"Mliyatuma," mama alisema. "Hata barua ya posta hutumwa. Aliyehakikisha imefika ni nani?"

Mkuu akatabasamu kwa Brashi, kiume, kama kumpa pole kwa alichooa. Brashi, na kwa hili alijichukia baadaye, akatabasamu pia.

"Haya," mama alisema akisimama. "Karatasi hii mlisema ni ya utaratibu. Ofisi ya elimu ni mwendo wa dakika ishirini. Nitakwenda na wazazi arobaini na mmoja, tuwasomee kwa pamoja."

Mkuu aliacha kumenya. Alifuta vidole kimoja kimoja, akafunga mlango, akarudi, na sauti ikazidi kulainika.

"Dada yangu, kaa. Mbona tunafika huko? Ninyi ni watu wa shule. Nani ataandika geti upya kama si huyu bwana?" Akafungua droo, akatoa orodha. "Mmoja naweza kumrudisha. Tatizo langu ni dogo. Bodi nimeshaiandikia arobaini na mmoja, kwa muhuri. Nikimrudisha wenu, wanakuwa arobaini. Watauliza. Kwa hiyo nahitaji mwingine." Akaisukuma karatasi mbele yao, na penseli juu yake. "Hawa watano wako juu ya mstari kwa alama moja mbili. Ninyi mnawafahamu watoto na kwao. Mimi sitaki kuonekana nimependelea."

Brashi alitaka kusema, bwana, hilo hatulifanyi. Alishafungua mdomo. Kidole cha mkewe, chenye kovu la pasi, kilikuwa kinashuka kwenye orodha, jina kwa jina, kama alivyosoma ile barua, bila kuruka hata nukta.

Kikasimama kwenye jina la nne.

"Vizuri," mkuu alisema, akasoma. "Tena mama yake hasomi. Hatatusumbua. Ila Jumapili hakuja mkutanoni, na mimi lazima niwe na dole lake." Akamgeukia Brashi. "Si jirani yenu? Mpelekee, umsomee. Wewe si ndiye mtu wa herufi. Mwisho kesho asubuhi, saa nne naipeleka orodha."

Akampa barua moja na kidau kidogo cha wino. Kisha akawasogezea sahani ya njugu. Walikuwa wamesahau kunywa hata chai asubuhi, na mama akachukua moja.

Nje ya geti Brashi alisema, "Pacha?"

"Ulitaka nimchague nani? Nisiyemjua?"

"Mke wangu, yule mtoto amekula kwetu."

"Na wangu amekula wapi?" Hakupandisha sauti. "Wewe ulipomtoa wako hukusoma hata jina. Mimi angalau nimesoma."

*

Mama yake Pacha alikuwa mfagizi wa barabara. Brashi alimkuta mchana kwenye kona ya mtaa wa maduka, amevaa kizibao cha manispaa kilichopauka, amesimama kando ya rundo la maganda na chupa, akilisukuma kwa fagio refu. Alipomwona alicheka.

"Brashi, umeniletea bango? Niandikie, ACHENI KUTUPA TAKATAKA. Weka na jina langu chini, wanijue."

"Nimeleta barua ya shule, dada."

"Mwanangu kafanya nini?"

"Hajafanya kitu."

"Basi nisomee, miwani nimeiacha kwa mzungu." Ulikuwa utani wake wa siku zote. Hakuwahi kuwa na miwani.

Brashi alikuwa ameipanga njia nzima. Utaratibu wa mtihani, dada, tia dole hapa. Maneno manne matano. Aliifungua karatasi na kwa mara ya kwanza herufi hazikumsaidia. Zilisimama nyuma ya maneno yao kama watoto nyuma ya mama. Akasoma. Akasoma yote, taratibu, na kwa hiari yangu, na bila kushawishiwa, na naomba kwa heshima. Alipomaliza akaeleza, ingawa hakuulizwa: kwamba maana yake Pacha hatakuwa mtoto wa shule tena, na kwamba hatachaguliwa popote.

Mwanamke aliegemea fagio. Gari likapita, likarusha maganda kando, akayafuata, akayarudisha kwenye rundo, akarejea.

"Walisema wa thelathini na tano kushuka. Wangu ana thelathini na sita."

"Ndiyo."

"Na wako?"

"Ishirini na tisa."

"Yumo kwenye hawa?"

Hapo uongo ulikuwa rahisi, na Brashi hakuwa mtu wa kuukataa uongo rahisi. Lakini alishaanza kusoma, na ilikuwa kama kuanza neno ukutani, huwezi kuliacha nusu.

"Alikuwemo," alisema. "Katolewa leo asubuhi. Kaacha nafasi, wanataka wa kuijaza."

Mama Pacha alimtazama muda mrefu. Hakumtukana. Brashi angelishukuru tusi, angelipata la kujibu. Alimtazama tu kama anavyotazama kitu barabarani, akipima kama kitaingia kwenye fagio au atakiokota kwa mkono.

"Mke wako anajua?"

Brashi akakunja karatasi.

"Rudisha," mwanamke alisema. "Mwambie aliyekutuma kusoma sijui, lakini dole langu nalijua lilipo. Halijatoka hapa." Akavua glavu, akamwonyesha, gumba limepasuka kandokando kwa udongo na dawa za kusafishia. "Na wewe ukipita tena, pita ng'ambo ya pili. Nafagia."

*

Kesho yake, Ijumaa asubuhi, Brashi alikwenda shuleni na binti, amevaa sare, maana mama alisema avae. Walikuwa hawajamwambia chochote zaidi ya kwamba mkuu ameelewa. Akamwacha kwenye korido, akaingia peke yake.

Usiku kucha alikuwa na hofu, na ndani ya hofu kulikuwa na kipande kidogo cha fahari alichokuwa akikigusagusa kama mtu mwenye sarafu mfukoni. Alisoma ukweli. Mambo yameshaharibika, binti anakosa nafasi, lakini alisoma ukweli. Akaiweka barua mezani.

"Amekataa," alisema. "Nilimsomea yote. Hakutia dole."

Mkuu wa shule aliitazama saa. Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini. Hakukasirika hata kidogo. Alinyoosha mkono, akaomba kidau, akakifungua, akagusisha gumba lake mwenyewe, kulia, lenye ukucha uliokatwa vizuri, akalibonyeza chini ya barua, akalizungusha kidogo kushoto na kulia ili lienee.

"Dole ni dole," alisema. "Nani atakwenda kulipima?"

Akachukua karatasi laini, akajifuta. Wino haukutoka wote. Akaipuliza barua ikauke, kwa pumzi ileile ya maganda ya njugu, akaiingiza kwenye jalada juu ya nyingine arobaini.

"Wako aingie darasani. Na wewe Jumatatu uje tuangalie lile geti. Nataka tarakimu kubwa zaidi ya zile."

Brashi alisimama. Alikuwa na maneno, na yalikuwa mazuri, yalijipanga yenyewe yenye nafasi sawasawa kati ya herufi na herufi. Akasikia sauti ikisema, "Asante, Mkuu." Ilimchukua muda kuijua. Ilikuwa yake.

Koridoni binti hakuwa peke yake. Pacha alikuwa amesimama naye, sare imefuliwa, daftari la hesabu kifuani, na walikuwa wakicheka jambo. Alipomwona Brashi aliinama kidogo kwa adabu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Mama kaniambia jana," Pacha alisema. "Kaniambia niende tu darasani, niinue kichwa, maana yeye hajatia dole mahali popote. Bila dole hawawezi kunitoa." Alisubiri. Alikuwa na miaka kumi na saba na alitaka tu mtu mzima mmoja amwambie mama yake yuko sahihi. "Si ndivyo, baba?"

Binti yake alikuwa akimtazama usoni. Alimjua baba huyu kwa miezi tisa ya kuta, alijua mkono wake unavyokuwa kabla hajaharibu mstari.

"Ndivyo, mwanangu," Brashi alisema. "Kawahini kipindi."

Pacha akatangulia. Binti yake alibaki pale pale, hakumfuata.